Sauti Aliyoiazima Chura

Goma, Birere, tarehe 17 Februari 2008

Mdogo wangu Valentin,

Salamu zikufikie huko mbali, zikukute umekula na umevaa vizuri. Sisi tupo. Shemeji yako Habarurema anaumwa mgongo kwa ajili ya lile chukudu lake la mbao la magurudumu mawili, kila siku analishusha kutoka Kibumba na mizigo, lakini kupumzika nyumbani hataki. Watoto wangu wanasoma. Mimi bado nafundisha mwaka wa tatu wa msingi. Mwezi uliopita wakubwa walikuja kufanya mkutano wa amani hapa mjini. Wakasaini, wakapiga picha, wakaondoka, na bei ya nyama ikabaki palepale walipoipandisha.

Mama ni mzima. Mwaka huu viazi vimekubali, kabichi pia, na ukipita barabara ya Rutshuru huwezi kumkosa, yuko shambani ameinama. Nilimpelekea barua yako nikamsomea mara tatu. Aliposikia kwamba kazi yako sasa ni kuzunguka mashule ya Australia ukiwasimulia watoto hadithi, alicheka mpaka akakaa chini. Akasema: "Ule mutoto hakumalizaka hadisi hata moja. Alikuwa analala mbele fisi hajafika. Leo banamulipa?"

Hadithi uliyoiomba ni hii, nimeiandika kama alivyoisema. Mwanamke mmoja alikuwa na sauti nzuri. Chura akaenda kumwomba amwazime ile sauti siku moja tu, akaimbe kwenye harusi ya mwanawe. Mwanamke akampa. Harusi ikaisha, chura hakurudi. Kila mvua ikinyesha mwanamke anashuka ziwani kuidai sauti yake, lakini ataidai kwa sauti gani? Anasimama tu ukingoni. Chura akimwona, anazidisha kuimba.

Mama amenikazia niandike na maneno ya kufungia, ingawa unayajua: "Nisiishe miye, iishe hadisi." Anasema msimulizi akiyaruka, kifo kilichokuwa ndani ya hadithi kinabaki naye. Usiyaruke eti kwa sababu watoto wa huko hawayaelewi.

Sasa neno lililonifanya ninunue karatasi hii. Paroko ametueleza kwamba mtu aliyechukuliwa kutoka kambi ya wakimbizi kama wewe anaweza kumwita mzazi wake. Anajaza fomu, anaandika jina, serikali ya huko inafuatilia. Milima ya Masisi imejaa bunduki tena, na kutoka kule hadi shamba la mama si mbali. Andika jina lake kwenye hiyo fomu: Nyiramahirwe, mjane wa Laurent. Sikuombi kitu kingine chochote, isipokuwa kimoja kidogo: mpigie simu. Namba nimekuandikia nyuma ya karatasi, ni ya jirani yake Sebahire. Kila Jumapili baada ya misa mama atakaa pale kwake kungoja. Tangu akupandishe kwenye lori ya kabichi kwenda Uganda ni miaka mitano, na hajasikia sauti yako.

Ujibu kwa lile sanduku la posta la Gisenyi, ng'ambo ya mpaka. Posta yetu unaijua.

Dada yako,
Annonciata


Adelaide, 30 Machi 2008

Yaya Annonciata,

Dada yangu, nimepata barua yako, nikaisomea jikoni nimesimama, nikasahau chai ikakauka motoni. Pole ya mgongo kwa shemeji. Wabusu watoto. Mimi sijambo, isipokuwa huku jua ni kali kwa namna nyingine, linachoma bila kuonya.

Hadithi ya chura imependwa sana, yaya. Tuko watatu kwenye hii programu: mama mmoja wa Sudani anayepiga ngoma, mzee mmoja wa Vietnam anayekata wanyama kwa karatasi na kuwapitisha mbele ya taa, na mimi. Shirika linatupeleka shule kwa shule, na jioni nyingine kwenye kumbi za mitaa, ili watu wajue jirani zao wametoka wapi. Watoto wanakaa chini kwenye zulia, kofia mapajani. Nikifika pale chura anapozidisha kuimba, wote wanaimba naye. Mwalimu mmoja alitoka nje kujifuta macho.

Baada ya hadithi kuna dakika kumi za maswali. Wanauliza nilifikaje huku. Mkuu wa shirika anasema hadithi za wanyama ni nzuri, lakini kinachobaki moyoni mwa watu ni maisha yetu wenyewe. Basi nawaeleza kidogo.

Mambo ya fomu ni marefu kuliko anavyofikiri paroko. Nitaulizia. Simu ya kwenda Kibumba inakatakata, heri barua. Nakutumia picha yangu nikiwa kazini. Mwambie mama aniletee hadithi nyingine.

Mdogo wako,
Valentin


Goma, tarehe 25 Mei 2008

Mdogo wangu,

Tumeamka salama sote, na wewe uamke hivyo. Habarurema amepona mgongo, sasa anaumwa goti. Binti yangu amepasi, ni wa nne darasani.

Picha imefika. Ile shati ya kitenge yenye shingo ya dhahabu uliitoa wapi? Hapa ulikuwa mtu wa kaptula ya michezo mpaka kanisani, mama akikuvutia sikio. Leo umevaa kama chifu wa sinema. Nimeirudisha picha kwenye bahasha mara mbili na mara mbili mama ameitoa. Anasema umekonda usoni. Anasema pia macho yako hayaangalii mwenye kamera, nami nikamwambia ni jua.

Nimekuandikia hadithi ya pili upande wa nyuma, ya mtoto aliyelala ndani ya mtungi. Mama aliisimulia akiwa anachagua mbegu za viazi, ndiyo maana katikati kuna mahali pamepungua.

Valentin, katika barua nzima ulizungumzia fomu kwa maneno tisa. Nimeyahesabu. Mimi ni mwalimu, mtoto akijibu swali moja kwa kuruka kwenda lingine najua hajasoma. Kuna nini? Kama kuna malipo, sema. Kama hutaki mama akae kwako, sema pia, nitakasirika halafu itapita. Watu wa Masisi wanashuka kila wiki na magodoro kichwani.

Na Jumapili ya simu. Mama amekaa kwa Sebahire Jumapili kumi na mbili. Anavaa kile kitenge chake kizuri kana kwamba simu ina macho. Sebahire amechoka kumpa kiti lakini bado anampa.

Annonciata


Adelaide, 20 Julai 2008

Yaya,

Natumaini nyote mko vizuri. Nisamehe kwa kuchelewa, nilikuwa na kazi nyingi, tumepata shule nyingine tisa. Hapa ni baridi.

Kuhusu fomu, nimeulizia. Haiwezekani kwa sasa. Usiniulize sana, kuna mambo ya sheria.

Nina habari njema: shule moja imekusanya kalamu za rangi na madaftari kwa ajili ya darasa lako. Nimewapa anwani ya Gisenyi na jina lako, watatuma wenyewe. Ni watoto wazuri. Msalimie mama. Mwambie niko mbioni.

Valentin


Goma, tarehe 21 Septemba 2008

Valentin,

Sisi hatujafa. Naanza hivyo kwa makusudi, ili kusiwe na mashaka.

Paketi ya wale watoto wazuri imefika. Habarurema aliivusha mpakani kwa chukudu, akaifikisha nyumbani mchana. Mama alikuwepo. Alishuka kutibiwa jicho, na tangu vita ianze tena mwezi wa nane sikutaka arudi haraka juu. Tuliifungua mezani. Kalamu za rangi ni nzuri, siwezi kusema uongo. Chini ya kalamu kulikuwa na bahasha kubwa ya michoro. Mama akawa anaitoa mmoja mmoja. Maua, maua, maua tena. Msalaba. Mwanamke mwenye mabawa, amevaa kitenge.

"Aba batoto banajua kuchora," mama akasema. "Uyu ni Bikira Maria?"

Nyuma ya kila mchoro kulikuwa na maandishi ya Kiingereza. Nikamwita Julien, mwalimu mwenzangu anayekaa nyumba ya pili, yeye anafundisha Kiingereza sekondari. Alikuja na miwani yake, akaanza kututafsiria kwa sauti kubwa, mbiombio, unajua mtu akipata nafasi ya kuonyesha anachokijua: "Mpendwa Annonciata. Pole sana kwa kifo cha mama yako. Valentin alitueleza jinsi walivyomuua mlangoni kwenu. Sote tulilia. Nimekuchorea maua kwa sababu alisema hamkupata nafasi ya kumzika."

Hapo ndipo Julien aliposikia anachokisoma. Akatua karatasi.

Mama akauliza, "Mama gani?"

Nikaanza kuzirudisha kalamu kwenye paketi.

"Annonciata. Mama gani?"

"Mama, ni watoto, hawajui wanachoandika," nikasema.

"Batoto banaandika bile banaambiwa. Julien, soma ingine."

Julien akaniangalia. Mimi nikaangalia ukuta. Akasoma nyingine, na nyingine, mpaka ya mwisho, kwa sauti ya chini sasa. Zote zilisema hilohilo: mlango, wanaume wenye bunduki, wewe chini ya kitanda, mama akilia jina lako. Mama alizisikiliza kama anasikiliza kesi ya jirani. Zilipoisha aliuliza jambo moja tu: "Na ile hadisi yake, aliifungaka? Alisemaka nisiishe miye?"

Nikamwambia sijui.

"Hakuifunga," akasema.

Kisha akachagua mchoro mmoja, wa maua mekundu, akaukunja akaufunga kwenye pindo la kitenge. Nikataka kuichoma mingine yote. Akanikataza. "Batoto ba batu bamenililia muzuri. Haiko kosa yabo."

Kesho yake alipanda Kibumba na jicho lake bado halijapona. Jumapili hakwenda kwa Sebahire. Sebahire alituma mtu kuuliza kama anaumwa.

Nina hasira na wewe ambayo sijui niiweke wapi. Darasani nagombeza watoto bila sababu. Uliomba sauti ya mama, tukakutumia kwa posta, ukaenda kuiimba kwenye matanga yake mwenyewe. Sasa nieleze. Usiniambie habari ya sheria. Nieleze wewe.

Annonciata


Adelaide, 19 Oktoba 2008

Yaya,

Sina salamu ambayo haitakuchukiza, kwa hiyo naziacha.

Nilipofika kambi ya Nakivale, kule Uganda, nilikuwa na miaka kumi na sita. Kambini kila mtu alijua kitu kimoja: mtoto mwenye mama hai ataambiwa arudi kwa mama yake. Mzee mmoja aliyetoka Walungu, Cirimwami, ndiye aliyenipa mahali pa kulala. Usiku wa kuamkia mahojiano akaniambia: baba amekufa, hiyo ni kweli, sasa ongeza na mama. Nikaongeza. Afisa alikuwa na kalamu ya bluu. Aliuliza mama alikufaje, na mimi sikuwa nimejiandaa, nikamweleza kifo cha mama yake rafiki yangu aliyekuwa hema la jirani. Mlango, kitanda, yote. Afisa akaandika. Akanipa maji ya kunywa. Iko kwenye faili yangu, yaya, na faili hiyo ndiyo iliyopanda ndege, mimi nilikuwa mzigo wake.

Ndiyo maana siwezi kuandika jina la mama kwenye fomu. Wataona kwamba nilidanganya. Wanaweza kunirudisha.

Shuleni sikukusudia. Siku ya kwanza mtoto mmoja wa kike aliniuliza kama mama yangu ananikumbuka. Mkuu wa shirika alikuwa amekaa nyuma, naye faili yangu ameisoma. Ningesema nini? Nikarudia ya Nakivale. Watoto wakalia, na mimi nikalia, yaya, nililia kweli. Tangu hapo kila shule inaiuliza. Hadithi ya chura imekuwa ya kufungulia tu.

Unaniuliza kwa nini sipigi simu. Nikisikia sauti yake siku ya Jumapili, Jumatatu nitasimamaje mbele ya watoto kusema hayupo? Nilichagua. Najua ni uchafu. Lakini na wewe kumbuka kitu kimoja: wewe ulibaki na mama, mimi nilipandishwa kwenye kabichi. Hakuna aliyeniuliza kama nataka kwenda.

Usimsomee hii. Au msomee. Sijui.

Valentin


Adelaide, 6 Novemba 2008

Yaya Annonciata,

Nimeona Kibumba kwenye televisheni. Barabara imejaa watu wanakimbia na mvua inanyesha. Nilipitia uso baada ya uso kumtafuta mama, nikamwona mara tatu, na mara zote hakuwa yeye.

Nimepiga namba ya Sebahire. Nimepiga kutwa nzima, jana na leo. Haiiti. Kuna mwanamke anasema kitu kwa Kifaransa halafu inakatika.

Nitakwenda kwenye ofisi ya wahamiaji. Nitawaambia yuko hai, wafanye wanavyotaka. Niambie tu yuko wapi niandike mahali alipo. Tafadhali, jibu haraka kuliko posta inavyoweza.

Valentin


Goma, tarehe 14 Desemba 2008

Valentin,

Hapa nyumbani tuko wazima, mimi, watoto na Habarurema. Chukudu liliibwa na askari waliokuwa wakikimbia, wakapakia godoro lao wakaenda. Mji haukuingiwa. Julien anakusalimu, ingawa hajui aseme nini.

Barua yako ya mwezi wa kumi na ile fupi nilizipata siku moja, kwa sababu mpaka ulikuwa umefungwa. Nakujibu zote mbili, halafu sitaandika tena.

Kibumba ilikimbia tarehe 27 mwezi wa kumi. Mama alitembea na watu wengine mpaka kambi ya Kibati. Alichukua jembe, sufuria, na ule mchoro uliokuwa pindoni mwake. Nilimkuta siku ya nne, chini ya plastiki nyeupe, anakaa juu ya mawe ya volkano na wanawake ambao hakuwajua. Nikamwambia twende Birere. Akakataa. Kwetu tulikuwa tumeshapokea watu kumi na mmoja, na yeye alikuwa ameshajipatia kazi.

Unajua kazi gani? Shirika moja lilikuwa linapanda kutoka Himbi, huku mjini, na gari, linaleta kalamu na karatasi, linawaambia watoto wachore yale waliyoyaona njiani. Michoro inachukuliwa, inaondoka na gari. Mama aliangalia siku mbili. Siku ya tatu, gari lilipoondoka, aliwaita wale watoto akawasimulia habari ya chura. Msichana mwenye T-shirt ya shirika aliporudi akamwomba, kwa heshima kabisa, awasimulie pia yeye alikimbiaje. Mama akamwambia: "Ile haiko hadisi. Ile ni bintu bilitufikia."

Nilimsomea barua zako zote mbili hapo hapo Kibati, kwa sababu uliniachia mimi niamue na mimi sikuwa na huruma. Nilitaka akasirike. Miaka yote hii nilingoja akukasirikie hata mara moja. Alisikiliza, akauliza huyo Cirimwami ni mzima, kwa sababu alikupa mahali pa kulala. Halafu akasema: "Umuandikie asiende ku biro ya bahamiaji. Akienda, banamurudisha huku, na huku ni huku. Aseme nimekufa. Miye najua kama niko." Nikamwambia, mama, mtoto anaweza kukuzika hivyo ukanyamaza? Akaniambia ni yeye aliyekupandisha kwenye lori, na alipokupandisha alikuwa ameshakubali yote yatakayofuata.

Mimi sikukubali. Andika hilo kwenye faili yako.

Kipindupindu kilimshika tarehe 24 mwezi wa kumi na moja. Nilikaa naye siku mbili kwenye hema la wagonjwa. Siku ya pili asubuhi, alipokuwa na nguvu kidogo, aliniambia nichukue karatasi, kuna hadithi ya kukupelekea. Aliisimulia yote, polepole. Alipofika mwisho alifumba macho, nikadhani ameshindwa. Nikamsaidia: nisiishe miye. Akatikisa kichwa. Akasema: "Apana. Ya Valentin, uifunge hivi: niishe miye, isiishe hadisi yake." Maisha yangu yote sijawahi kusikia mtu akiyageuza maneno hayo. Nilimwambia ayarudishe. Hakuyarudisha.

Alikufa saa nne asubuhi, tarehe 26. Hakufia mlangoni, na hakulia jina la mtu. Alikuwa na kiu.

Hadithi ya mwisho sikuletei. Iko kwangu, na wanangu wanaijua. Zile mbili baki nazo, ulishazitumia.

Usiende kwenye ofisi ya wahamiaji. Nakuandikia kama alivyoniagiza, na pia kwa sababu huna tena la kwenda kusema. Ulichomwambia yule afisa wa kalamu ya bluu ni kweli sasa. Faili yako imenyooka, hakuna atakayekurudisha. Kesho ukisimama mbele ya watoto ukasema mama yako amekufa kwa vita, utakuwa husemi uongo, na unaweza kulia bila kujificha kwa mtu.

Na wale watoto wasalimie, wao sina neno nao. Kibati hakuna maua, ni mawe matupu. Siku ya kumzika nilikwenda nyumbani nikaileta ile michoro yote, nikawagawia watoto aliokuwa akiwasimulia, kila mmoja akaja na wake akaulaza juu ya kaburi na jiwe juu yake upepo usiuchukue. Ule mwekundu tulimwachia pindoni. Waambie maua yao yalifika, na tuliyatumia.

Annonciata